Kuishi na paka ukiwa na mzio: kazi inaanzia chumba cha kulala

Kinachomsumbua mwenye mzio wa paka si unyoya. Ni protini iitwayo Fel d 1, ambayo paka huitengeneza kwenye tezi za mate na tezi za mafuta za ngozi. Akijilamba, hujipaka protini hiyo mwili mzima. Mate yakikauka, hupukutika pamoja na mba na kuelea hewani. Zaidi ya watu 9 kati ya 10 wenye mzio wa paka huathiriwa na protini hii, na unyoya huibeba tu. Ndiyo maana kumnyoa paka hakusaidii, na ndiyo maana hata paka wa Sphynx asiye na manyoya humpigisha mtu chafya.

Sehemu ya chembe hizo ni ndogo kuliko mikroni 5, wakati unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Kwa udogo huo hukaa hewani kwa saa kadhaa baada ya mtu kutikisa mto au kufagia, na zikivutwa hufika ndani kabisa ya mapafu. Tena zinanata. Hushika ukuta, pazia, nywele na shati, zikasafiri hadi kwenye daladala, darasani na nyumba ambazo hazijawahi kufuga paka.

Kwa hiyo usilenge kuzimaliza, kwa kuwa haiwezekani paka akiwa ndani. Lenga kupunguza kiasi unachovuta kwa siku, hasa mahali unapokaa saa nyingi, mpaka mwili uweze kuvumilia. Hakuna hatua moja inayotosha. Aliyeosha zulia mara moja kisha akasema haikusaidia, hajajaribu bado.

Kwanza hakikisha ni paka

Utitiri wa vumbi (vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoishi godoroni na kwenye mito), mende na ukungu huleta dalili zilezile: chafya mfululizo, kamasi jepesi kama maji, macho kuwasha, pua kuziba, kifua kubana. Hasa Pwani, kwenye unyevu mwingi, nyumba moja inaweza kuwa na vyote vitatu pamoja na paka. Wapo waliomfukuza paka wakaendelea kuteseka kwa sababu ya godoro la miaka mingi.

Dalili za paka kwa kawaida huanza ndani ya dakika chache baada ya kumshika, na ngozi huvimba au kuwasha pale alipokulamba au kukuparura. Za utitiri huzidi asubuhi unapoamka na unapotandika kitanda. Za ukungu hupamba moto msimu wa mvua na kwenye vyumba visivyopata jua.

Hospitali kubwa hufanya kipimo cha ngozi: tone la kila kisababishi huwekwa mkononi, ngozi ikachomwa kidogo, na majibu husomwa baada ya dakika 15 hivi. Dawa za mzio za vidonge huharibu kipimo hicho, kwa hiyo muulize daktari uziache siku ngapi kabla. Mara nyingi ni wiki moja. Kipimo cha damu hakihitaji kuziacha.

Ukikosa kipimo, nenda ukalale wiki moja au mbili kwa ndugu asiyefuga paka. Usifanye kinyume chake, yaani kumpeleka paka kwa jirani kwa siku chache ukitarajia nafuu. Protini iliyobaki ndani huchukua miezi 4 hadi 6 kushuka hadi kiwango cha nyumba isiyo na paka, kwa hiyo wiki moja bila paka haikuambii lolote. Kumbuka pia kwamba nafuu ya huko ugenini haimtii paka hatiani moja kwa moja, maana umeliacha na godoro lako nyumbani.

Chumba cha kulala

Ukiwa na nguvu ya kufanya jambo moja tu mwezi huu, fanya hili. Paka asiingie chumbani mwako tena, mchana wala usiku. Unalala humo saa 7 au 8, pua ikiwa kwenye mto, na hakuna sehemu nyingine ya siku inayokupa nafasi kubwa kama hiyo ya kupumzisha mwili.

Kufunga mlango peke yake hakutoshi, kwa kuwa mzigo wa zamani bado umo ndani. Toa kila kitu kinachotoka: mapazia, zulia, nguo zilizotundikwa ukutani, masanduku yaliyo chini ya kitanda. Futa kuta kwa tambara bichi kuanzia juu kushuka chini, bila kusahau mapanga ya feni, mgongo wa kabati na nondo za dirisha. Sakafu iwe ya mwisho.

Shuka, foronya na mapazia zioshwe kwa sabuni ya unga na kusuuzwa mara mbili kwa maji safi. Watu wengi hushikilia maji ya moto ya nyuzi 60. Moto huo unaua utitiri, na ni vizuri kama unaweza, lakini protini ya paka huondolewa na sabuni na kusuuza vya kutosha hata kwa maji ya kawaida. Baada ya hapo osha shuka kila wiki.

Mto wa sufi ambao paka ameulalia kwa miaka, uache. Haufuliki, na kuuanika juani hakutoi protini. Nunua mto wa nyuzi unaoweza kuoshwa. Godoro lifute, likauke vizuri, kisha livishe gunia la kitambaa kilichofumwa kwa kubana, lenye zipu, linalofunika pande zote sita. Nailoni iliyokuja na godoro huzuia pia, ila kwa joto la Tanga au Mombasa utaamka umelowa jasho, na mwishowe utaichana.

Neti inahitaji uangalifu wa pekee. Paka hupenda kulala juu ya neti iliyoning'inia au kwenye pindo lililobaki sakafuni, na kila usiku unalala umezungukwa nayo. Lakini neti yenye dawa haifai kufuliwa kila wiki, kwa kuwa imetengenezwa kustahimili takriban mafuo 20. Ifue kwa maji baridi na sabuni ya kipande isiyo kali, bila Jik wala kuloweka muda mrefu, kisha uianike kivulini. Halafu izuie isichafuke: asubuhi ikunje na uifunge juu, mbali na paka. Paka asiguse neti ikiwa bado mbichi, wala asinywe maji iliyofuliwa, kwa sababu dawa za jamii ya permetrini ni sumu kali kwake.

Nyumba nyingi zetu zina matundu ya hewa juu ya mlango, au kuta zisizofika kwenye paa. Hewa ya sebuleni huingia chumbani hata mlango ukifungwa. Kama ndivyo ilivyo kwako, ziba tundu la upande wa sebule na uache dirisha la nje ndilo lilete hewa. Ukishindwa, hamishia kitanda chumba kilicho mbali na mahali paka anapopenda kulala.

Paka aliyezoea kitanda atalia na kukwangua mlango. Muwekee kikapu chenye kanga kuukuu sehemu yenye joto, mlishe jioni na ucheze naye kabla ya kulala. Usiku wa kwanza hadi wa kumi ndio mgumu. Ukifungua mara moja tu kwa huruma, umemfundisha kwamba kulia kunafungua mlango, na kesho atalia zaidi.

Bado kuna wewe mwenyewe. Tenga nguo za kumshikia paka na uzivue kabla ya kuingia chumbani. Oga jioni na uoshe nywele, au angalau zifute kwa kitambaa kibichi, kwani nywele hubeba chembe hadi kwenye mto. Mtandio ulioshinda nao sebuleni usilale chumbani.

Kwa wanaoswali: kutoka Lamu hadi Unguja paka huingia nyumba atakayo, na hadithi ya Abu Qatada, sahaba wa Mtume, inajulikana, kwamba paka si najisi bali ni miongoni mwa wanaowazungukia. Hukumu ya tohara ni jambo moja, na mzio ni jambo jingine. Mswala unaolaliwa na paka mchana ndio unaouwekea uso wakati wa kusujudu, mara nyingi kwa siku. Ukunje baada ya kila swala, uuweke kabatini, na uuoshe kila wiki. Ni kazi ndogo, na kwa mwenye kuwashwa macho huleta tofauti kubwa.

Sebule na nyumba nzima

Ufagio mkavu ndio adui mkubwa. Kila unapofagia unarusha hewani kile kilichokuwa kimetulia, na utakivuta kwa saa kadhaa zijazo. Piga deki badala yake, angalau mara mbili kwa wiki, ukitumia ndoo mbili: moja ya maji yenye sabuni, nyingine ya kusuuzia tambara. Ukitumia ndoo moja, baada ya chumba cha kwanza unakuwa unasambaza ulichokiokota. Maji yakiwa meusi, badilisha.

Mwenye mzio asiwe ndiye anayesafisha. Kama hana msaidizi, avae barakoa ya N95 au FFP2 iliyobana pembeni. Ya kitambaa hupitisha chembe hizi. Akimaliza afungue madirisha na akae nje saa moja.

Zulia hushika protini nyingi mno kuliko sakafu ya saruji au vigae, na usafi wa kawaida hautoi ile iliyozama. Ushauri wetu ni kuliondoa. Mkeka wa ukindu unafaa zaidi kwa kuwa unafutika pande zote mbili. Kochi la kitambaa lifunike kwa shuka nene, ibadilishwe kila wiki. Kiti cha mbao chenye mito ya kuvua ni bora zaidi. Mashine ya kuvuta vumbi isiyo na kichujio cha HEPA, yaani kile kinachonasa chembe ndogo sana, huvuta vumbi kubwa mbele na kutoa chembe ndogo nyuma, kwa hiyo chumba hubaki kibaya kuliko mwanzo.

Choo cha paka kisiwe njiani wala karibu na mlango wa chumba. Maranda na mchanga laini vina vumbi linalowasha pua hata ya asiye na mzio. Tumia mchanga wa chenga kubwa uliochekechwa, na mtu mwingine autoe kila siku. Alipokojoa pasipo choo, osha kwanza kwa maji na sabuni. Usimwagie Jik moja kwa moja: ikikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi inayochoma mapafu, na mapafu yako tayari yana shida.

Hewa

Fungua madirisha yanayotazamana ili upepo upite. Nyumba yenye upepo wa bahari ina nafuu ambayo fleti iliyofungwa haina. Wanaohamia Muscat, Dubai au Ulaya, ambako madirisha hufungwa miezi mingi, wasishangae mzio uliokuwa mwepesi nyumbani ukizidi huko. Kiyoyozi cha kawaida huzungusha hewa ileile, na chujio lake huzuia vumbi kubwa tu. Lioshe kila wiki mbili.

Ukinunua kisafishaji hewa, hakikisha kimeandikwa HEPA, yaani kinachonasa asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3, kisha piga hesabu ya chumba. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye dari la mita 2.7 kina mita za ujazo 32. Ili hewa yote isafishwe mara 5 kwa saa unahitaji mashine ya mita za ujazo 160 kwa saa au zaidi. Ndogo kuliko hiyo ni kelele tu. Iweke chumbani, mlango ukiwa umefungwa, na uulize bei ya kichujio cha akiba kabla hujalipa, maana wengi huiacha pale kichujio kinapokufa. Fedha zikiwa chache, gunia la godoro na mto mpya vitangulie mashine hii.

Paka mwenyewe

Paka dume asiyehasiwa hutoa protini nyingi kuliko jike au dume aliyehasiwa. Kumhasi hupunguza, na pia hupunguza tabia yake ya kurushia mkojo kwenye kuta. Hili ni jambo la mara moja, na kwa dume ndilo lenye faida kubwa kuliko mengine yote ya sehemu hii.

Halafu mfute. Chukua kitambaa cha maikrofaiba kilicholoweshwa maji ya vuguvugu na kukamuliwa, umpitishe kuanzia kichwani kwenda mkiani, kisha tumboni, kila baada ya siku mbili au tatu. Usisahau mashavu na shingo, kwa kuwa huko ndiko protini hujaa. Kumchana kufanywe nje, na mtu asiye na mzio. Kumwogesha kwa kumchovya kwenye beseni dakika tatu hupunguza protini kweli, lakini ndani ya wiki inarudi ilikokuwa. Paka wengi huchukia, na ukipata mikwaruzo kila Jumamosi hutadumu. Kumfuta kunadumu.

Usimwoshe kwa Dettol wala dawa yoyote yenye fenoli. Ini la paka haliwezi kuisafisha, naye atailamba. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permetrini inaweza kumuua. Na ukishikwa na kichwa kwa sababu ya mafua, usimpe paka kipande cha parasetamoli kwa kudhani naye anaumwa: kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Kuna chakula cha paka, Pro Plan LiveClear cha Purina, kilichochanganywa na yai lenye kingamwili dhidi ya Fel d 1. Kwa utafiti wa watengenezaji wenyewe, kiwango kwenye manyoya hushuka kwa wastani wa asilimia 47 kuanzia wiki ya tatu. Lazima kiwe chakula chake cha kila siku. Mayai ya dukani si mbadala wake, kwa sababu kuku wa mayai yale huandaliwa mahsusi.

Muuzaji akikuambia anaye paka wa aina isiyoleta mzio, usilipe. Aina hiyo haipo. Kilichopo ni kwamba paka mmoja mmoja hutofautiana sana kwa kiasi anachotoa. Kabla ya kumchukua paka fulani, kaa naye saa moja au mbili, siku kadhaa tofauti, ndani ya chumba kilichofungwa.

Dawa

Usafi hupunguza mzigo, na dawa hushusha makali ya kilichobaki. Kidonge cha setirizini miligramu 10 au loratadini miligramu 10, mara moja kwa siku, ndicho cha kawaida kwa mtu mzima. Setirizini huwaletea baadhi usingizi, hivyo wainywe usiku. Piriton inalevya zaidi. Anayeendesha bodaboda au mashine asiitegemee. Watoto, wajawazito na wenye maradhi ya figo au ini waulize daktari kwanza.

Vidonge hutuliza chafya na kuwashwa, lakini haviwezi sana pua iliyoziba. Hapo dawa bora ni ya kupuliza puani yenye flutikasoni, mometasoni au beklometasoni. Wengi huiacha siku ya tatu wakisema haifanyi kazi, wakati nguvu yake kamili huja baada ya siku kadhaa hadi wiki mbili za kutumia kila siku. Kosa jingine ni namna ya kupuliza. Inamisha kichwa mbele kidogo. Tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, na wa kushoto kwa tundu la kulia, ukielekeza ncha upande wa sikio, si kwenye ukuta wa katikati ya pua. Vuta pumzi taratibu. Ukivuta kwa nguvu dawa inaishia kooni, na ukielekeza katikati pua itatoka damu.

Matone ya kufungua pua yenye oksimetazolini au ksilometazolini yanafungua papo hapo, na hapo ndipo mtego ulipo. Usizidishe siku 5, la sivyo pua huziba zaidi kila dawa inapoisha na mtu anakuwa mtumwa wa kichupa.

Kusafisha pua kwa maji ya chumvi kunasaidia na ni rahisi. Chemsha maji yatokote dakika moja kamili, au tatu ukiishi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, yapoe hadi vuguvugu, kisha changanya kikombe kimoja cha mililita 250 na nusu kijiko cha chai cha chumvi isiyo na madini joto. Maji ya bomba au kisima yasiyochemshwa yasiingie puani kamwe. Yanaweza kuwa na amiba wanaopanda hadi kwenye ubongo. Safisha kabla ya kupuliza dawa, si baada yake.

Sindano au vidonge vya deksamethasoni na prednisoloni vinavyotolewa madukani kwa ajili ya mafua ya mzio vinatuliza haraka, na vikitumika mara kwa mara hupandisha sukari na shinikizo la damu na kudhoofisha mifupa. Vikatae, isipokuwa daktari aliyekupima ndiye ameviandika. Pale penye bingwa wa mzio yapo matibabu ya kuuzoesha mwili kwa dozi ndogondogo za kisababishi, kwa miaka 3 hadi 5. Ndiyo tiba pekee inayolenga mzio wenyewe badala ya dalili.

Wakati paka anapaswa kuhama

Mafua yanavumilika, pumu haina mzaha. Kama unaamka usiku kwa kukohoa au kifua kupiga mluzi, au unahitaji pampu ya salbutamoli zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu yako haijadhibitiwa na unahitaji daktari wiki hii, kwani mara nyingi utahitaji pia dawa ya kuvuta ya kila siku. Ukishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, midomo ikibadilika rangi, au pampu isiposaidia, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Ukifuata yote haya kwa miezi mitatu, dawa ukiwa nazo, na kifua bado kinabana, paka apate makao mengine. Si ukatili. Ukatili ni kumtia kwenye kiroba na kumtupa sokoni. Mtafutie nyumba mwenyewe, kwa rafiki au kupitia daktari wa mifugo, na umkabidhi akiwa amehasiwa na kuchanjwa kichaa cha mbwa, pamoja na kadi yake, bakuli lake na ile kanga aliyoizoea. Kisha rudia usafi wa chumba na sebule tangu mwanzo, na usipunguze dawa bila kumwuliza daktari, maana kilichobaki kwenye kuta na makochi kitakuwa nawe kwa miezi kadhaa.